Neno Aliloandika Aqil

Jumamosi hiyo duka la fotokopi la Shirleen, pale mtaa wa Tena, Nairobi, lilikuwa limefurika. Wazazi na fomu za shule, vijana na barua za kuomba kazi, mama mmoja na hati ya kiwanja aliyoikumbatia asije akaporwa, na mashine iliyokuwa nzima ni moja tu. Shirleen alikuwa akizoa makaratasi na kuyagawa bila kutazama anampa nani. Ndivyo Aqil alivyojikuta ameshika mpango wa somo usio wake.

"Kaka, hizo ni zangu," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Wallahi, afadhali asingegeuka! Msichana alikuwa amevaa buibui la bluu iliyokoza, mtandio wa rangi ya ndimu, na miwani iliyoteleza hadi katikati ya pua. Hina ilikuwa imeanza kufifia vidoleni.

"Zako kivipi? Mimi nimeleta..." Aqil akatazama vizuri. "Ala! Hii ni takwimu. Mimi nafundisha kemia."

"Basi rudisha takwimu za watu, mwalimu wa kemia."

"Na wewe hapo umeshika asidi zangu."

Msichana akaangalia mkononi mwake, akacheka mpaka Shirleen akawaambia kama hawana haja na foleni wawapishe wengine. Wakatoka pamoja. Msichana aliitwa Lela, binti wa Mzee Idarusi mwenye duka la vitambaa hapo hapo Tena. Kumbe walikuwa wahadhiri wasaidizi wa chuo kikuu kimoja, na wote wawili walikuwa wamesukumwa kwenye kozi ile mpya ya ufundishaji. Chuo kilikuwa kimetangaza kwamba shahada ya uzamili peke yake haitoshi. Mtu athibitishe kwamba anajua kufundisha. Atakayefika Juni bila cheti, mkataba wake hautafanywa upya.

Aqil maana yake ni mwenye akili. Haya, ngojeni mwone.

Wakaanza kukaa benchi moja kwenye madarasa ya kozi. Wakaanza kupigiana simu, Aqil akiwa Donholm alikopanga chumba, Lela akiwa Tena kwa baba yake.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Aqil, umenipigia simu kuniuliza habari za ugali?"

"Nimekupigia nikusikie ukilitaja jina langu."

"Mwongo wewe! Haya, niambie tena."

Kufikia Januari Aqil alikuwa ameshazungumza na wajomba zake. Idi ikipita, wazee wangekwenda kwa Mzee Idarusi kupeleka posa. Lela alisema sawa, ila kwanza apate cheti. "Sitaki kuingia nyumbani kwa mtu kama mke aliyefutwa kazi," alisema. "Nikiolewa niolewe nikiwa mhadhiri."

Sasa, kozi ile ilikuwa na sharti moja. Kila mmoja alitakiwa kufundisha somo zima mbele ya wanafunzi wake huku mtahini, Daktari Kanyiva, akimtazama. Na alitakiwa kuchagua mwenzake wa kozini akae nyuma, anyamaze, aandike alichokiona. Lela akamchagua Aqil. Angemchagua nani mwingine?

Siku ilipofika Lela alivaa gauni refu la kijani na viatu visivyo na mlio. Wanafunzi walikuwa sitini hivi. Alianza vizuri, alitania vizuri, mpaka Daktari Kanyiva akaonekana akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaweka chaki chini.

"Mto fulani, wastani wa kina chake unafika magotini. Mtu mzima amejaribu kuuvuka kwa miguu, amezama. Kwa nini?"

Kimya.

Lela hakuongeza neno. Alisimama tu, akiwatazama. Sekunde tano. Sekunde nane. Mwanafunzi mmoja akakohoa. Aqil kule nyuma jasho likaanza kumtoka. Amekwama, masikini! Kipenzi changu amekwama mbele ya mtahini! Kabla hajajizuia alikuwa ameshasimama.

"Kwa sababu wastani unaficha mashimo!"

Darasa likaangua kicheko. "Eish! Madam ameokolewa!" mmoja akapayuka. Mstari wa tatu, mvulana mpole aitwaye Frankline akaurudisha mezani mkono aliokuwa ameshaunyanyua nusu. Lela alimtazama Aqil mara moja tu, kisha akaendelea na somo. Sauti haikuwa ile tena.

Hakuwa amekwama! Wiki tatu kabla walikuwa wamefundishwa hivyo hivyo kozini: ukiuliza swali la maana, nyamaza, hesabu moyoni hadi kumi na tano, waache wafikiri. Aqil alikuwepo darasani siku hiyo, benchi moja na Lela. Alikuwa akitazama hina ya vidole vyake, hakusikia hata neno.

Hilo lilikuwa kosa la mapenzi, na kosa la mapenzi husameheka. Lililofuata halikuwa la mapenzi.

Daktari Kanyiva alimsimamisha mlangoni. "Bwana Aqil, kilichokufanya uongee ni nini?"

Aqil alijua la kusema. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: nimekosea mimi, Daktari, yeye hana kosa. Lakini Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu yake yeye kufundisha mbele ya mama huyu huyu.

"Nilidhani... alikwama, Daktari."

"Basi andika hivyo kwenye fomu."

Akaandika. *Mhadhiri alikwama.* Akatia sahihi.

Lela aliiona fomu siku ya pili. Alimpigia simu mchana, na Aqil akadhani atafokewa. Hakufokewa.

"Aqil, nimesoma."

"Laazizi, naomba—"

"Nisikilize kwanza. Kuruka na kujibu nimekusamehe, ulinihurumia. Lakini hilo neno ni la uongo, na limeshaingia kwenye faili langu. Jopo la kutoa vyeti linakaa Jumatano. Waandikie barua, mistari miwili tu. Sema sikukwama, ulikosea wewe. Utaandika?"

"Nitaandika, roho yangu. Leo leo."

Leo leo! Jioni alifungua kompyuta, akaandika jina la jopo, akaifunga. Nikiwaambia sijui hata kanuni ya kunyamaza, alijiambia, watanipasisha mimi? Acha Jumanne ipite. Jumanne ikapita, akafundisha vizuri, akapongezwa. Jumatano asubuhi akajiambia barua ya dakika za mwisho itaonekana ya kupangwa. Saa nne jopo likakaa. Aqil alikuwa kantini akinywa chai.

Lela alifelishwa. Arudie muhula ujao, jopo lilisema, na muhula ujao ulikuwa baada ya Juni.

"Barua ilipotea?" alimuuliza kwenye simu.

"Lela..."

"Nimeuliza tu. Karani ameniambia hakuna barua iliyoletwa. Nikamwambia atafute vizuri, Aqil ameniahidi. Nimemsumbua mama wa watu nusu saa nzima anapekua mafaili." Akavuta pumzi. "Cheti chako umepata?"

"Nimepata."

"Hongera," akasema, na simu ikakatika.

Idi ikaja ikapita. Wajomba wakauliza habari za posa, Aqil akasema bado. Juni Lela akaondolewa kazini. Agosti akaruhusiwa kurudia somo mbele ya mtahini mwingine, akafaulu kwa alama za juu, na chuo kimoja cha Voi kikamchukua. Habari hizi Aqil alizipata kwa Shirleen, maana Lela hakuwa akipokea simu zake.

Septemba, siku tatu kabla Lela hajasafiri, Aqil akaenda Tena. Mzee Idarusi alikuwa akipima kitambaa dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee hakuinua macho. "Yuko uani. Usimchoshe, ana kazi ya kufunga mizigo."

Lela alikuwa amejifunga leso kiunoni, akipanga vitabu kwenye katoni. Alikuwa amekonda kidogo. Aqil akampa bahasha yenye barua ile aliyoahidi. Lela akaisoma barua yote akiwa amesimama.

"Umeandika vizuri," alisema. "Umesema kweli yote, hata ile ya kuogopa."

"Lela, nilikuwa mwoga. Sina utetezi. Nimelala na kuamka na jambo hili tangu Februari. Ukinikubali, wazee watakuja hata kesho. Voi nitakuja."

"Unajua nilikupenda?"

"Najua."

"Hujui. Bado nakupenda, na hilo linanikera." Machozi yakamlenga, akayafuta kwa ncha ya leso. "Lakini niliomba mistari miwili, Aqil. Niliomba siku ambayo ingekugharimu. Leo haikugharimu kitu, ndiyo maana umeileta kwangu. Mimi ndiye jopo?"

Akairudisha bahasha mkononi mwa Aqil, akamfunika vidole kwa vidole vyake kidogo tu, akaendelea na vitabu.

Kesho yake asubuhi Aqil alikuwa mbele ya meza ya Daktari Kanyiva. Daktari aliisoma barua, akavua miwani.

"Binti ameshafaulu. Hii ni ya nini sasa?"

"Iwekwe kwenye faili lake, Daktari. Lile neno si kweli."

"Itaingia kwenye lako pia. Ulitoa ripoti ya uongo ya tathmini. Jopo linaweza kukifuta cheti chako."

"Naelewa."

Daktari akavuta muhuri, akaugonga, akampa nakala. Aqil alipotoka nje alisimama kwenye ngazi, akaipiga picha nakala ile, akamtumia Lela bila maneno. Alijuta kuliko siku zote, kwa sababu sasa alijua kazi yote ile ilikuwa ya dakika ishirini.

Jibu lilikuja saa saba, angali ameketi pale pale.

*Nimeona. Mungu akulipe kheri. Tafadhali usinipigie tena, Aqil. Ukipiga, nitapokea.*

Akalisoma hapo hapo kwenye ngazi, kidole kikiwa juu ya jina lake. Kisha akaifuta namba. Kwa mara ya kwanza, aliloombwa na Lela alilifanya siku ile ile.