Meko Chini ya Stoo

Majivu yalikuwa na joto. Ndiyo maana Masinde, fundi, aliuweka mtaimbo chini akamwita mwenye nyumba.

Wamucii alikuja akijipangusa mikono. Alikuwa mjane wa mwalimu Hezekiah, hakujaliwa mtoto, naye aliishi peke yake katika nyumba ya mawe juu ya mteremko wa kahawa, nje kidogo ya Othaya. Mwaka huo wa 1969 alikuwa ameamua kuitengeneza stoo ndogo ya jikoni, sakafu ya udongo ichimbwe imwagwe simiti, na rafu zilizoliwa na mchwa ziwekwe mpya. Sasa pale chini, kina cha mkono, palikuwa na mawe matatu ya meko, meusi kwa masizi.

"Mama, gusa," Masinde alisema kwa sauti ya chini. "Hii jivu ni kama ya leo asubuhi."

Aligusa, akauondoa mkono haraka. Siku za Hali ya Hatari, wakati wa mkoloni, mteremko ule wote ulikuwa kijiji cha lazima, vibanda vimebanana vikizungukwa na handaki, na wengi walikufa njaa humo. Hakumwambia Masinde hayo. Alimwagiza ayatoe mawe ayatupe nyuma ya nyumba, na kufikia jioni sakafu ilikuwa ya simiti.

Siku ya tatu, saa sita mchana, alisikia mwiko ukikwangua chungu ndani ya stoo. Alifungua. Hapakuwa na kitu, ila harufu ya moshi na uji wa mtama. Alipoufunga tena mlango, sauti ya mwanamke aliyechoka ikamuuliza kutoka upande wa pili, polepole, kwa Kikuyu:

"Mwanangu, umekula?"

Mtu mwingine angekimbia. Lakini mama yake alikufa yeye akiwa bado ananyonya, na tangu Hezekiah azikwe hakuna aliyemuuliza swali hilo. Alisimama ameshika komeo, akajisikia akijibu kama binti amjibuvyo mama yake: "Bado, Maitu."

Kesho yake kulikuwa na nusu kibuyu cha uji sakafuni, unatoa mvuke. Aliunywa wote. Masinde alipokuja na mbao za rafu, Wamucii alimwambia kupitia dirishani kwamba stoo iko sawa, asihangaike tena.

Wiki tatu zilipita bila Wamucii kuonekana kanisani, na jirani yake Gathoni akaja kumjulia hali. Hakuitikiwa. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akafuata sauti ya kicheko cha chini mpaka kwenye stoo, na hapo akamwona Wamucii ameketi sakafuni, amekonda mashavu yameingia ndani, midomo yake ya kijivu, akichota majivu kwa vidole kutoka kwenye nusu kibuyu na kuyala kwa utulivu huku akiongea na pembe ya ukuta, na kutoka kwenye pembe hiyo mkono mwembamba kama ufito, mweusi kwa masizi, umenyooshwa ukimpapasa kisogo jinsi mama anavyombembeleza mtoto ale.

Gathoni alikuwa mtu wa kanisa, lakini siku hiyo hakwenda kwa mchungaji. Alikwenda Kangema kumleta mzee Mutahi, mganga.

Mutahi alikaa mlangoni mwa stoo asubuhi nzima, akinong'ona na kusikiliza. Mwishowe alimgeukia Wamucii.

"Mama huyu alikufa akiwasubiri watoto wake waje kula," alisema. "Hana ubaya. Lakini hana unga, ana majivu tu, na atakulisha hayo mpaka ufe. Mwambie wewe si wake. Ni wewe tu unaweza."

Wamucii aliigeukia pembe ya ukuta. "Hakuna mwingine ananiuliza kama nimekula," alisema.

Gathoni aliangalia chini. Alikuwa akipita mbele ya lango lile kila siku.

Mutahi hakumharakisha. Hatimaye Wamucii aliweka kiganja chake ukutani.

"Mimi si mwanao."

Kilio kilianza pale pembeni, chini sana kama cha mtu aliyejiziba mdomo, kikapanda, kikapita katikati yao na baridi yenye moshi, kikatoka kwa mlango wa nyuma na kuteremka bondeni kuelekea mtoni, na kote kilikopita majani ya kahawa yakatikisika ingawa hapakuwa na upepo, mpaka kikafifia wasikisikie tena.

Mutahi aliyatia yale mawe matatu kwenye gunia akaenda nayo. Gathoni alimpa Wamucii maziwa, akamlaza kitandani, akasema ana ng'ombe wa kukamua lakini kesho atakuja na chakula.

Alikuwa hajafika barabarani alipogeuka nyuma. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mbali chini, kupita mstari wa mwisho wa kahawa, Wamucii alikuwa akikimbia miguu mitupu kuelekea mtoni, na sauti yake iliyopanda mteremko ule ilikuwa nyembamba, ya mtoto mdogo:

"Maitu, ningoje. Nilidanganya."