Mke wa Kwanza wa Mzee Josiah

Siku walipokutana, sokoni Knoxville, Wendell alimkanyaga Marlena mguu kwenye foleni ya mapichi, na badala ya kuomba radhi akamuuliza, "Watu wako ni akina nani, dada?"

"Kwani unanunua ng'ombe?" Marlena alimjibu, akipangusa kiatu chake chekundu.

Wendell akaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomponza binti wa watu. Mwaka mzima walipigiana simu kutwa, Marlena akakolea hasa. Sasa alitaka pete, na alijua ipo, maana aliiona mkobani mwa Wendell asubuhi ile ya Mei walipoondoka kwenda Kentucky. Walikuwa wanaifuata barabara waliyopita wahamiaji wa kwanza, hadi kwenye kaburi la mmoja wao, Mzee Josiah, ambako ukoo wa Wendell hukutana kila mwaka kusafisha makaburi na kula pamoja. Pete ingetolewa pale, mbele ya jamaa wote.

Safari ilimtia kinyaa. Kila kona kibao cha shujaa, kila duka kofia za manyoya zenye uvundo. Na Wendell naye alivaa shati la ngozi lenye matamvua, eti kama babu zake, jasho likimchuruzika kwapani.

"Ukinikumbatia na shati hilo natapika," Marlena alimwambia.

"Zoea, kipenzi. Ndiyo harufu ya ukoo hiyo."

Simu ikaita garini. Alikuwa Opal, shangazi yake Wendell, sauti juu kwa furaha.

"Mmefika bondeni? Hapo ndipo mke wa kwanza wa Josiah aliposhikwa na homa! Josiah akamwacha kwa watu baki, safari haingoji mtu. Krismasi haijafika kashaoa mwingine, ndiye bibi yetu. Angembeba yule mgonjwa, nani kati yetu angezaliwa?"

Wendell alicheka hadi akaupiga usukani.

"Na wewe unacheka?" Marlena akauliza.

"Mambo ya kale hayo, mpenzi wangu."

Maini ya kuku waliyokula njiani hayakumkubali. Walipofika kituo cha mafuta Marlena alikuwa amejiinamia chooni, juu ya sakafu yenye utelezi ambao hakutaka kujua ni wa nini, akitapika hadi nyongo. Wendell akagonga mlango.

"Kipenzi, maombi yanaanza saa sita, na shada la Mzee nalibeba mimi. Nikuache kidogo? Dada wa kaunta atakuangalia."

Marlena alidhani anatania, mpaka aliposikia gari likiwashwa.

Wendell alirudi alasiri, magoti yamejaa rangi ya majani, mkononi kipande cha keki. Alimkuta ameketi kando ya rafu ya matairi, midomo imemkauka. Akapiga goti papo hapo na kutoa pete.

"Wote wamekuulizia. Nioe, Marlena... aah, nikuoe! Naona hata maneno yananipotea."

Marlena alimtazama. Bado alimpenda, na hilo lilimchefua kuliko kile choo.

"Mke wa kwanza wa Josiah aliitwa nani?"

"Nani?"

"Yule wa bondeni."

Wendell akampigia shangazi. Zikasikika sahani, Opal akiwauliza wenzake, mtu akicheka.

"Hakuna anayemjua jina, mwanangu," Opal akasema. "Wa kazi gani?"

Wendell akakata simu. "Mpenzi, miaka zaidi ya mia mbili..."

"Unamjua babu yako hadi rangi ya farasi wake, Wendell."

Akakifunga kiganja cha Wendell juu ya pete, taratibu, kisha akauvuta mkono wake.

"Langu pia usiwatajie," alisema, akatoka nje kumngoja kaka yake; alishampigia simu aje kumchukua tangu gari la Wendell lilipoondoka.