Majani ya Mikindu

Kila siku alipotoka shule, Rebeka alipitia kwa jirani yao, Mama Paulo, kuchukua ufunguo. Akifika ndani, kabla hata ya kuvua viatu, aliwasha redio ili nyumba iwe na sauti ya mtu. Mama yake, Dokta Hellen, alikuwa mtaalamu wa mimea, na kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza minazi, mikindu, michikichi na jamii yake yote. Miti hiyo haioti sebuleni kwao Igogo. Ilimbidi aifuate visiwani na mabondeni, wiki baada ya wiki.

"Dokta gani huyo asiyejua hata kuchoma sindano?" Pius alizoea kumtania darasani. Rebeka alicheka na wenzake, lakini moyoni aliumia.

Safari hii mama alirudi kutoka kisiwani Ukerewe na majani ya mikindu, kila mti na fungu lake, yamebanwa katikati ya magazeti ili yakauke. Kila fungu lilikuwa na kikaratasi chenye namba ya mti.

"Nikishayapeleka ofisini, nipo nyumbani na wewe mpaka shule zifungwe," alisema. Rebeka hakuamini masikio yake.

Jumamosi mama alipokwenda mjini, alimwachia kazi. "Badilisha magazeti yenye unyevu. Fungua fungu moja, ulifunge, ndipo ufungue jingine."

Rebeka alitaka kumaliza upesi, mama akirudi waende pamoja sokoni Kirumba kununua samaki aina ya sato. Akayafungua yote uani kwa mpigo. Loo, upepo wa ziwani haukumngoja! Ulitawanya majani na vikaratasi mpaka uzioni kwa Mama Paulo. Aliokota kila kitu, lakini jani lipi lilitoka mti upi? Yote yalifanana. Akayapanga kwa kubahatisha, akayafunga vizuri.

Mama aliporudi aliyatazama akatabasamu. "Umenisaidia sana, mwanangu. Jumatatu nayapeleka."

Jioni walikula ugali na sato. Mama alipiga soga na kucheka, lakini Rebeka alichezea tu tonge lake. Akinyamaza, mama anabaki. Akisema, mama anarudi Ukerewe, naye anabaki peke yake tena.

"Mama, majani nimeyachanganya," alisema, machozi yakimtoka. Akaeleza yote.

Mama aliweka tonge chini. 

"Itabidi nirudi kuyakata mengine."

"Najua. Ndiyo maana nilitaka kunyamaza."

Mama alimvuta karibu. "Ungenyamaza, ningeandika uongo, na watu wangeuamini kwa sababu nimeuandika mimi. Haraka yako imeniharibia kazi. Ukweli wako umeiokoa."

Jumatatu mama alipanda meli. Rebeka alikwenda kulala kwa Mama Paulo, kama kila mama aliposafiri, na jioni simu ikaita.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Hesabu umemaliza?"

Rebeka alisita. "Bado."

"Haya, zimalize. Nikiwa huku siwezi kukukagua, mwanangu. Nina neno lako tu, na sasa najua linanitosha."

Rebeka alitamani sana mama angekuwepo. Alifuta macho, akafungua daftari la hesabu.