Shati Nyuma ya Kamera

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima Aziza alipofika mbio kwa Gaspard mpiga picha, pale Kalundu, mtoto mgongoni, paka kikapuni. Mumewe Asani alikuwa na waasi upande wa Luvungi, na ujumbe wake ulikuwa mmoja tu: apelekewe picha ya Bosi, paka aliyezoea kulala kifuani pake.

"Bosi gani huyu asiyetulia?" Gaspard alinung'unika. "Picha ya paka iko kazi kuliko ya harusi." Akatikisa ndagala, visamaki vikavu. Paka akala, akampa mgongo. "Mama, hauna kitu chenye harufu ya bwana yako?"

Alikuwa nacho. Kikapuni, chini ya paka, alikuwa ametandika shati ambalo Asani alilivua siku mganga wa vita alipomnyunyizia maji ya kuzuia risasi. Asani mwenyewe alisema lisitoke nyumbani mpaka arudi kulivaa, dawa isije ikavunjika. Lakini ni picha tu, na si yeye aliyeiomba?

Gaspard akalitundika kwenye kiti nyuma ya kamera, vifungo wazi.

Paka akatulia.

"Vizuri," Gaspard alinong'ona, kichwa ndani ya kitambaa cheusi. "Usitikisike..."

Lakini Bosi hakuwa anatazama shati. Alitazama juu yake, pale ambapo uso wa mtu aliyesimama ungekuwa. Akaanza kukoroma kwa raha. Ikaja harufu ya tumbaku na nguo mbichi. Mtoto akachomoa mkono, akaunyoosha kule kule.

"Baba."

Tak, ikalia kamera.

"Nani amepita nyuma yangu?" Gaspard aliuliza.

Aziza aligeuka kutazama kiti. Shati lilikuwa limefungwa vifungo vyote, hadi kile cha shingoni. Asani peke yake ndiye aliyekifunga hicho, na Aziza alikuwa akimcheka, ati amekuwa mwalimu.

Nyumbani alilitandaza kitandani. Amemvunjia dawa huko vitani? Amemuua? Kabla hajajua la kufanya, Bosi akaruka, akajikunja juu ya shati.

Akaanza kuinuka na kushuka. Polepole. Kama aliyelala juu ya kifua cha mtu.

Aziza akafungua kifungo cha shingoni.

Paka akashuka... hakuinuka tena. Akainua kichwa, akamtazama Aziza.

"Mungu wangu." Akakifunga haraka, vidole vikiteleza. Akangoja. Akangoja, mkono mdomoni.

Paka akainuka, akashuka, akainuka.

Habari kutoka Luvungi haijafika mpaka leo. Shati liko pale pale kitandani, na Aziza analala chini na mtoto.