Pumzi Katika Sekunde ya Arobaini na Moja

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, fundi sauti alirekodi ukimya wa ukumbi mtupu wa maigizo kwa dakika moja.

Ni kazi ya kawaida. Kila ukumbi una ukimya wake, na fundi anayejua kazi huutandika chini ya igizo zima, ili mvua au mlango ukikoma kulia, masikio ya watazamaji yasidondoke shimoni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo. Alianza kwa kubeba spika mgongoni na kumwaga mchele kwenye sinia ili jukwaani kunyeshe. Sasa hakuna pazia linalofunguliwa kabla Fundi hajaitikia kwa kichwa.

Alifunga milango, akazima kiyoyozi, akabana pumzi. Alipoisikiliza rekodi, kwenye sekunde ya arobaini na moja kuna mtu alivuta pumzi.

Alirudia mara tatu. Pumzi ilikuwa karibu na maikrofoni kuliko alipokuwa amesimama yeye.

Mwingine angetoka mbio. Fundi alifanya kile ambacho watu wa kazi yake hufanya wakikuta uchafu: aliitia alama ile pumzi, akaifundisha kompyuta kwamba huu ndio uchafu, akaiamuru iufute wote. Kisha akahifadhi juu ya rekodi ya kwanza, bila kuweka nakala. Kwa kosa hilohilo aliwahi kuwafukuza wasaidizi wawili.

Saa sita mchana mwongozaji aligeuka akamkuta nyuma yake, akaruka.

"Fundi! Umeingia lini? Unanyata kama mwizi wa kuku."

"Nimepita hapo mbele, Bosi."

"Mbao hizi zinalia hata akipita panya. Kwani umekonda kiasi gani?"

Walicheka wote wawili, lakini kilichosikika ni kicheko kimoja. Fundi aligonga meza. Penseli iliruka, meza haikulia.

"Bosi," alianza, na neno likakatika katikati, kama limepitiwa na wembe.

"Nini? Acha utani bwana, tuna onyesho Ijumaa."

Alikwenda kwenye kibanda chake cha mitambo, akafunga mlango, akaifungua rekodi. Dakika ilikuwa safi na hakukuwa na cha kurudisha. Aliivuta maikrofoni akapiga kelele mpaka shingo ikamuuma, na mstari wa sauti kwenye kompyuta ulilala vilevile. Halafu, midomo yake ikiwa imefumbwa, mstari ulipanda, na kwenye hedifoni akaisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, bila haraka.

"Umenifuta kwangu. Nakwenda kwako."

Nyumbani kulikuwa na mama yake peke yake. Mama alikuwa haoni, mwaka wa sita sasa, na alimtambua mwanawe kwa hatua zake na kwa sauti yake.

Fundi alikimbia njia nzima, akiwapiga watu vikumbo na watu wakigeuka kutafuta kilichowagonga, akapanda ngazi mbili mbili bila ngazi kulia, akafungua mlango ambao miaka yote bawaba zake zilikuwa zikipiga yowe na leo hazikupiga, akamkuta mama sebuleni, amekielekezea uso kiti kitupu, anacheka.

"Leo umewahi, baba," mama alikuwa akisema.

"Kazi imeisha mapema, mama," kiti kilijibu.

Fundi alitupa simu mezani ili mama asikie, meza haikulia, akapiga magoti, akaishika mikono ya mama. Mama alikatisha kicheko. Aliupapasa mkono wa kulia kidole kwa kidole, akafika kwenye kovu la utotoni chini ya gumba, na uso wake ukaanza kulegea.

"Mama," sauti ilisema, "nani huyo amekushika? Mimi niko huku."

"Mkono huu ni wako," mama alinong'ona.

"Msikilize kwanza. Anapumua huyo?"

Mama aliinama polepole, akaweka sikio kifuani pa mwanawe, akatulia hapo kwa muda mrefu, na Fundi akavuta hewa yote aliyoweza kuivuta na kuitoa na kuivuta tena, moyo ukimpiga mpaka fulana ikatikisika, akimbana mama mikono kumwambia subiri, subiri kidogo, na mama hakusikia kitu.

Alipiga ukunga. Akakamata fimbo yake, akaanza kuipeperusha mbele, na Fundi, ambaye hakuweza kumwinulia mama mkono, alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akaingia chumbani kwake.

"Hapo hapo, mama. Vuta mlango. Ufunguo uko kwa nje."

Ufunguo ulizunguka mara mbili. Dirisha la chumba lilikuwa na nondo na lilitazama ukuta.

Fundi aliurukia mlango kwa bega. Upande wa pili mama aliweka kiganja kwenye mbao.

"Mlango unatikisika, baba," alisema kwa sauti ya chini.

"Atachoka."

"Anatikisa sana."

"Njoo ukae, mama."

Kiganja kilibaki pale kidogo, kisha kikaondoka.

Saa kumi na mbili na robo mama alimimina chai kwenye vikombe viwili. Vyote viwili vilinywewa.