Mechi za Nusu Bei Sindo

Kila siku baada ya shule, Milka alivua viatu na kuketi katika kibanda cha gemu cha kaka yake Cephas, mjini Sindo. Kazi yake ilikuwa kuwasha mashine, kugawa pedi za kuchezea na kuamua ugomvi. Uwanja wa kijani ulipong'aa kwenye skrini na ziwa likimeremeta mlangoni, yeye alizama katika ndoto: wachezaji wanatoka kwenye skrini, wanakimbia juu ya maji bila kulowa, na Sindo nzima inashangilia ufuoni.

Kibanda kilijaa pomoni, na penye watoto wengi hapakosi porojo. Siku moja ikaingia porojo mpya: Maxwell, aliyefungua kibanda ng'ambo ya barabara, ameshusha bei! Mechi ya shilingi kumi kwake ni tano. Kufumba na kufumbua, mabenchi ya Cephas yakabaki matupu.

"Anataka wateja wote wawe wake," Cephas alisema kwa huzuni. "Mimi naiuza mashine hii."

Kesho yake akaenda Homa Bay kutafuta mnunuzi. Milka akabaki peke yake kibandani. Akabandika karatasi mlangoni: MECHI SHILINGI TANO. Kisha, kimyakimya, akapunguza dakika za mechi kutoka sita hadi tatu.

Watoto wakamiminika. Kelele zikarudi, na ndoto nayo ikarudi. Hata mawimbi yalionekana yakipiga makofi. Mara rafiki yake Liz akasimama, pedi mkononi.

"Wee Milka! Hata kijasho hakijanitoka, mechi imekwisha?"

"Umefungwa, ndiyo maana unalalamika."

"Nimefungwa au nimepunjwa? Gorogoro hili limepigwa kitako!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nani Sindo asiyejua? Gorogoro ni kopo la kupimia mahindi na omena, dagaa wa ziwani, na muuzaji mjanja hulibonyeza kitako kiingie ndani, likaonekana limejaa. Milka hakucheka. Mama yake aliuza omena sokoni, na sifa ya gorogoro la namna hiyo hunuka kuliko omena iliyonyeshewa.

Porojo za Sindo zina mbawa. Punde si punde, Mama akasimama mlangoni.

"Nyathina, mwanangu, ni kweli?"

Milka alitaka kusema mashine imeharibika. Akamtazama Liz, akaumeza uongo wake.

"Ni kweli, Mama. Nilipunguza dakika, Kaka asiuze mashine."

Akarudisha dakika sita mbele ya wote, na kila aliyepunjwa akacheza tena bure. Jioni Cephas alirudi bila mnunuzi. Aliposikia yote, akamkemea Milka, kisha akarudisha bei ya kumi, maana tano haikutosha hata kulipia umeme.

Haukupita muda, gharama ya umeme ikamlemea Maxwell naye, akapandisha bei kupita ya Cephas ili kufidia hasara. Watoto wakarudi, Liz mbele akipiga domo: "Twendeni kwa Milka! Kule ukipunjwa, wanakiri!"

Mama akacheka, kisha akamvuta Milka kando.

"Bei ni ya mwenye duka, aishushe au aipandishe apendavyo. Lakini kipimo ni cha mteja, mwanangu. Usiguse kisicho chako."