Ming'oko ya Bibi Somoe

Kila Jumamosi asubuhi Fakihi humsaidia bibi yake kuosha ming'oko, ile mizizi ya porini inayoletwa kutoka Kilwa. Bibi huichemsha na kuiuza gengeni kwake Mtongani, Temeke. Mikono ikiwa majini, maneno ya bibi nayo hayaishi. Habari anayoipenda kuliko zote ni ya bibi yake mwenyewe, Somoe, aliyekimbilia msituni wakati wa Vita vya Majimaji, mashamba yalipochomwa na njaa ikaingia. Somoe alichimba ming'oko kwa mikono, akamlisha mtoto aliyekuwa mgongoni. Mtoto huyo ndiye baba yake bibi.

Mwalimu Apolonia alipowataka wanafunzi wa darasa la sita wasimulie habari za ukoo wao mbele ya wazazi, Fakihi aliona aibu. Rafiki yake Brightson alikuwa ameshamtania aliposikia habari ya Somoe.

"Wa kwetu alipigana vita, bwana. Wa kwenu alichimba mizizi tu?"

Basi Fakihi akamtunga babu mwenye mkuki, jasiri kupita kiasi, ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Siku ilipofika, bibi alikuja na khanga mpya na hotpoti ya ming'oko, akakaa mstari wa mbele.

"Babu yetu alikuwa na mkuki mrefu," Fakihi alianza. Wenzake wakapiga makofi. Bibi alitabasamu, akingoja kusikia jina la Somoe. Babu akaua mmoja, akaua wa pili, na Somoe hakutajwa. Taratibu bibi aliinamisha uso, akaifunika hotpoti kwa pindo la khanga.

Moyo ulimuuma Fakihi. Akamgeukia Mwalimu.

"Samahani, Mwalimu. Huyo babu nimemtunga mie. Naomba nianze upya."

Akasimulia habari za Somoe, na njaa, na kucha zilizokatika kwa kuchimba. Alipomaliza, bibi akaifunua hotpoti, ikapitishwa. Brightson hakucheka, na hotpoti ilipomfikia alichukua mara mbili.

"Vitabu vinatuambia nani alipigana na nani alishinda," alisema Mwalimu Apolonia. "Somoe hayumo. Nchi huwakumbuka wale ambao habari zao husimuliwa, wanangu. Kwa hiyo simulieni ukweli, wala msimwonee aibu mtu aliyewafikisha hapa."

Bibi alimvuta Fakihi karibu, akafuta macho.

"Leo bibi yangu ameingia shule," alisema.